Kozi za sayansi baada ya shahada kwa wanaoomba chuo cha udaktari Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ndugu walioko Marekani, au wanaojiandaa kwenda huko, wenye shahada mkononi na nia ya udaktari ambayo haijawatoka. Wengi wanaoniuliza ni watu wazima wenye kazi, watoto na bili, na karibu wote wameshaambiwa na mtu kwamba "chukua kozi nyingi, GPA itapanda." Ushauri huo umewala watu pesa na miaka. (GPA ni wastani wa alama za chuo: A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2.) Msimamo wangu nausema mapema: kozi chache zenye A, zilizochukuliwa wakati maisha yanaruhusu, zina uzito kuliko rundo la kozi zenye B na C. Mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Kozi hizi ni zipi hasa?

Ni kozi za sayansi za ngazi ya shahada ya kwanza anazochukua mtu ambaye tayari ana shahada, ili akidhi masharti ya kuomba chuo cha udaktari au arekebishe rekodi dhaifu. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka minne, tofauti na Muhimbili, Makerere au Nairobi ambako mtu huingia moja kwa moja kutoka sekondari. Kwa hiyo aliyesomea uhasibu, ualimu au uhandisi anaweza kuomba, mradi awe na bayolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa. Wanafunzi wenyewe huziita postibaki, nami nitatumia neno hilo.

Nitajuaje kama nazihitaji?

Kuna watu wa aina mbili ambao postibaki imewekwa kwa ajili yao. Wa kwanza hakuwahi kusoma sayansi chuoni, anabadilisha fani. Wa pili alisoma sayansi lakini alama zake ni mbaya, hasa miaka ya mwanzo. Ukiwa na sayansi zote, GPA ya 3.7 na alama ya chini ya MCAT (mtihani wa kuingia chuo cha udaktari), hauhitaji kozi; unahitaji kurudi kwenye MCAT. Ukiwa na alama nzuri kotekote ila hujawahi kukaa na mgonjwa, tafuta kazi au kujitolea hospitalini. Nimeona watu wakilipia mwaka mzima wa masomo kwa sababu darasani wanapazoea, ilhali pengo lao liko kwingine kabisa.

Mimi tayari ni daktari, nilisomea nyumbani. Nianze na postibaki?

Hapana, hapana, hapana. Ukiwa na shahada ya udaktari (MD au MBChB) kutoka chuo kinachotambuliwa, njia yako ni cheti cha ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosomea nje, mitihani ya leseni ya USMLE Step 1 na Step 2 CK, kisha kuomba nafasi ya mafunzo ya ubingwa kupitia mchakato unaoitwa Match. Kurudia shahada ya udaktari tangu mwanzo ni kupoteza miaka mingi na pesa nyingi mno. Kabla ya yote, hakikisha chuo chako kinakidhi masharti ya ECFMG.

Shahada yangu ni ya Dar es Salaam (au Nairobi, Makerere, Lubumbashi). Inahesabika?

Inahesabika kama shahada kwa vyuo vingi vinavyotoa postibaki, baada ya kufanyiwa tathmini na taasisi kama WES. Lakini kwa vyuo vya udaktari vyenyewe mambo ni magumu zaidi. AMCAS, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vinavyotoa MD, hauingizi kwenye GPA kozi zilizosomwa nje ya Marekani na Kanada. Unaziorodhesha kwamba ulisoma huko, basi. Na vyuo vingi vya udaktari hutaka uwe na shahada ya Marekani au Kanada, au angalau idadi fulani ya krediti za huko; 90 kwa jumla, kwa mfumo wa mihula, ni kiwango kinachotajwa sana.

Maana yake ni hii: kwa aliyesoma Afrika Mashariki, kozi atakazochukua Marekani ndizo zitakuwa GPA yake yote. Hilo lina uzuri na hatari. Uzuri ni kwamba ile C ya hesabu ya mwaka wa kwanza kule nyumbani haitakuburuta. Hatari ni kwamba hauna mto wa kuangukia: ukianza na kozi mbili ukapata C zote mbili, GPA yako ya AMCAS ni 2.0 na hakuna kingine cha kuitazama. Kwa hiyo anza taratibu kuliko mwenye shahada ya Marekani.

Na kabla ya kulipa hata dola moja, fungua tovuti za vyuo vya udaktari kama kumi unavyovitamani, soma wanasema nini kuhusu shahada za nje, kisha waandikie barua pepe ofisi ya udahili na utunze majibu yao. Baadhi watakuambia hawakubali kabisa bila shahada ya Marekani. Ukikuta vingi vinasema hivyo, fikiria kuhamisha krediti zako na kumalizia shahada nyingine ya kwanza ya miaka miwili hivi badala ya postibaki tupu. Wengi hulikwepa wazo hilo kwa sababu linauma: kupewa shahada ya kwanza mara ya pili. Lakini limewafungulia watu mlango ambao postibaki peke yake isingeufungua.

Nichukue kozi gani?

Orodha ya kawaida ni bayolojia mihula miwili na maabara yake, kemia ya jumla mihula miwili na maabara, kemia ya oganiki mihula miwili na maabara (vyuo vingine hukubali mmoja ukiongeza bayokemia), fizikia mihula miwili na maabara, bayokemia muhula mmoja, pamoja na takwimu au hesabu na uandishi wa Kiingereza. Saikolojia na sosholojia hazitakiwi kila mahali, ila zimo ndani ya MCAT, kwa hiyo zisome hata kwa kujifunza mwenyewe.

Ukiwa umeshamaliza za msingi, panda juu: fiziolojia, jenetiki, mikrobayolojia, bayolojia ya seli. Kamati za udahili hutazama sana kama unaweza kupata A katika kozi nzito za miaka ya juu, kwa sababu hizo ndizo zinazofanana na mwaka wa kwanza wa udaktari.

Utaratibu wa kozi nao una umuhimu. Kemia ya jumla hutangulia oganiki, na oganiki hutangulia bayokemia. Ukiruka muhula mmoja wa kemia ya jumla, unaweza kusubiri mwaka mzima kwa sababu vyuo vingine hutoa sehemu ya kwanza ya kozi msimu wa vuli pekee. Chora ratiba ya mihula yote kwenye karatasi kabla ya kujiandikisha kozi ya kwanza.

GPA yangu ni 2.8. Itapanda kiasi gani?

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme ulihitimu chuo cha Marekani na krediti 120 kwa wastani wa 2.8. Zidisha: pointi 336. Sasa unachukua krediti 30 za postibaki na kupata A tupu, pointi 120. Jumla ni 456 kwa krediti 150, sawa na 3.04. Mwaka mzima wa kujinyima, A kila mahali, na umepanda kutoka 2.8 hadi 3.04. Ukichanganya A na B ukapata wastani wa 3.5, jumla inaishia 2.94. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi uliozidi chumvi: kadiri sufuria lilivyokuwa kubwa, ndivyo maji yanavyohitajika mengi.

Hapo wengi hukata tamaa, na wanakosea, kwa sababu kamati haitazami namba moja. AMCAS huandaa jedwali. Lina safu ya mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha safu ya PBU, yaani kozi za ngazi ya shahada zilizosomwa baada ya kuhitimu, halafu jumla. Kila safu ina GPA tatu: ya BCPM (bayolojia, kemia, fizikia na hesabu), ya masomo mengine, na ya yote pamoja. Msomaji anaposhuka kwenye jedwali hilo akakuta 2.5, 2.6, 2.9, 3.1, kisha PBU 3.95 kwa krediti 30, anaona mtu aliyebadilika. Safu hiyo ya PBU ndiyo unayoilipia.

GPA ya sayansi nayo hupanda haraka kuliko ya jumla, kwa kuwa krediti zake ni chache. Ukiwa na krediti 48 za BCPM kwa 2.6, ukiongeza 30 za A, unafika 3.14. Bado ni chini ya wastani wa waliodahiliwa: walioingia vyuo vya MD mwaka 2023 walikuwa na wastani wa GPA 3.77 na MCAT 511.7. Lakini wastani una watu upande wa chini pia, na wengi wao wana mwelekeo wa kupanda ulio wazi pamoja na MCAT nzuri.

Nikirudia kozi niliyofeli, alama ya zamani inafutwa?

AMCAS haifuti. Inahesabu zote mbili, hata kama chuo chako kimeifuta kwenye transkripti yake. AACOMAS, mfumo wa vyuo vya DO (shahada ya udaktari wa osteopathia, iliyo sambamba na MD), zamani uliruhusu alama mpya kuchukua nafasi ya ile ya kwanza, lakini tangu 2017 nao unahesabu majaribio yote. Bado mtandaoni kuna makala za zamani zinazosema vinginevyo, zipuuze.

Kwa hiyo rudia kozi za lazima ulizopata chini ya C, kwa sababu vyuo vingi havizikubali. Ile uliyopata C mara nyingi iache, chukua ya juu yake na upate A. A ya bayokemia inaitetea C ya kemia ya jumla.

Texas ina jambo lake. Sheria inayoitwa Academic Fresh Start inamruhusu mkazi wa jimbo hilo, anapodahiliwa katika chuo cha umma, kuomba kozi zake zilizopita miaka kumi zisihesabiwe. Mfumo wa maombi wa Texas, TMDSAS, unautambua utaratibu huo. Lakini unaondoa vyote, vibaya na vizuri, pamoja na shahada iliyopatikana kwa kozi hizo. Kwa ndugu wa Houston na Dallas waliovuruga chuo wakiwa na miaka kumi na tisa na sasa wana arobaini, inafaa kukaa na mshauri wa chuo na kuipima.

Nijiunge na programu rasmi au nijipangie mwenyewe?

Programu rasmi zina sifa. Ya Columbia University, New York, ilianza mwaka 1955 na ndiyo kongwe kuliko zote. Bryn Mawr College, Pennsylvania, imekuwa nayo tangu 1972. Goucher College, Maryland, huwamaliza wanafunzi wake ndani ya mwaka mmoja hivi. Zina washauri, barua ya pamoja ya mapendekezo kutoka kamati ya chuo chenyewe, na baadhi zina makubaliano na vyuo vya udaktari yanayomwezesha mwanafunzi bora kuingia bila kusubiri mwaka mmoja kati ya kumaliza kozi na kuanza udaktari. Ila nyingi kati ya hizo za jina kubwa ni kwa wanaobadilisha fani pekee. Ukiwa umeshasoma kemia na bayolojia ukapata C, hawakuchukui. Na gharama ni makumi ya maelfu ya dola. AAMC, chama cha vyuo vya udaktari, kina orodha ya programu hizi mtandaoni ambayo unaweza kuichambua kwa jimbo na kwa aina ya mwanafunzi.

Kujipangia mwenyewe ni kujiandikisha chuo cha jimbo lako kama mwanafunzi asiyetafuta shahada na kuchukua kozi moja moja. Kamati za udahili hazikudharau kwa hilo. Tatizo ni kwamba mwanafunzi asiyetafuta shahada huandikishwa mwisho, wenzake wameshajaza nafasi za maabara. Baadhi hulipatia dawa kwa kudahiliwa kama wanaosoma shahada nyingine ya kwanza, wanapata zamu ya mapema ya kujiandikisha, na hata kama hawaimalizi shahada hiyo wamepata kozi walizozitaka. Kwa mtu mwenye nidhamu na anayeishi karibu na chuo kikuu cha umma, mimi hupendekeza njia hii.

Komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) inakubalika?

Kwa vyuo vingi vya udaktari, ndiyo, na kwa mkazi wa jimbo ada ya mwaka mzima ni kama dola 4,000 kwa wastani wa nchi. Vichache husema wazi kwamba wanapendelea chuo cha miaka minne. Kwa aliyekaa nje ya darasa muda mrefu, kuanza kemia ya jumla komyuniti koleji ni uamuzi mzuri: madarasa madogo, mwalimu anakujua jina. Kisha hamia chuo kikuu kwa oganiki, bayokemia na kozi za juu. Kama rekodi yako ya chuo kikuu ni mbaya, usimalizie kila kitu komyuniti koleji, kwa sababu swali ambalo kamati inajiuliza ni kama umeweza pale ulipowahi kushindwa.

Kozi za mtandaoni je?

Zile zisizo na maabara zinakubalika zaidi ya zamani. Maabara za mtandaoni bado ni tatizo kwa vyuo kadhaa. Fanya maabara ana kwa ana.

Mimi ni nesi, au nafanya CNA (msaidizi wa nesi) nyumba za wazee. Inanisaidia?

Inakusaidia sana upande wa uzoefu. Masaa ya kumgeuza mzee asiyeweza kujigeuza, kumsafisha, kumsikiliza akihangaika saa tisa usiku, ni uzoefu wa wagonjwa ambao waombaji wengi wa miaka ishirini na miwili hawana. Waliobeba zamu hizo kwa miaka mara nyingi huandika mstari mmoja tu, "nilifanya kazi ya CNA," wakaishia hapo. Andika ulichokiona na ulichojifunza kwa mgonjwa mmoja, bila kutaja jina lake.

Upande wa masomo, angalia kwa makini. AMCAS hupanga kozi kwa kile kilichofundishwa, na kozi za unesi zenyewe huwekwa kundi la sayansi za afya, nje ya BCPM. Anatomia na fiziolojia zikiwa ni bayolojia zinaingia BCPM, lakini mara nyingi hazihesabiki kama bayolojia ya jumla inayotakiwa. Kemia ya muhula mmoja iliyotengenezwa kwa manesi haitoshi. Kwa hiyo nesi mwenye 3.8 bado anaweza kulazimika kusoma karibu orodha yote ya sayansi.

Na utaulizwa kwenye usaili kwa nini udaktari na si kuendelea na unesi, pengine kuwa nesi bingwa. Usijibu kwa kuushusha unesi. Taja kazi mahususi ya daktari unayoitaka.

Nafanya zamu za usiku na nina watoto. Nichukue kozi ngapi?

Muhula wa kwanza chukua moja, au mbili kama nyingine ni nyepesi. Najua inaonekana polepole. Najua pia kwamba mtu akifikia miaka thelathini na tano anaona muda unamkimbia. Lakini kozi moja ya kemia yenye maabara ni kama masaa sita darasani na maabara kwa wiki, na juu yake masaa kumi hivi ya kujisomea. Weka hayo kando ya zamu tatu za masaa kumi na mawili, usafiri na watoto, uone kilichobaki cha kulala.

Ukishapata A ya kwanza, ongeza. Kabla ya kuomba, inafaa uwe na angalau muhula mmoja wenye sayansi mbili au tatu kwa pamoja, kwa sababu kamati itataka kuona kwamba unabeba mzigo. Muhula huo upange miezi mingi mapema: punguza zamu, weka akiba, zungumza na mwenzi wako na ndugu watakaobaki na watoto. Na wale wa nyumbani wanaotegemea utume pesa kila mwezi, waambie mapema kwamba kuanzia Januari hadi Mei kiasi kitapungua. Mazungumzo hayo ni magumu, ila ni mepesi kuliko kueleza C.

Mambo yakiharibika katikati ya muhula, kuna tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi. W moja, yaani alama ya kujiondoa, haiingii kwenye GPA na haimwangushi mtu. W tano zinaanza kuuliza maswali.

Oganiki inawashinda wengi. Nifanyeje?

Wanaoshindwa mara nyingi ni wale wanaosoma kwa macho. Unafungua ukurasa wa miitikio, unaona mishale inayoonyesha elektroni zinavyohama, kila kitu kinaeleweka, unafunga kitabu. Siku ya mtihani karatasi ni nyeupe. Fanya kinyume chake: andika molekuli ya kuanzia na kitendanishi juu ya karatasi tupu, funika kitabu, chora kila mshale mwenyewe, kisha linganisha. Palipokosewa, rudia kesho yake bila kutazama. Nusu saa ya namna hiyo kila siku, hata kwenye mapumziko ya zamu, inashinda Jumapili nzima ya kupigia mistari ya rangi. Na tafuta mtu mmoja wa kumweleza kwa sauti; ukiweza kuueleza mwitikio kwa Kiswahili chako mwenyewe, umeuelewa.

Pesa nitapata wapi?

Ruzuku ya Pell, ile ya serikali ya shirikisho kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, haitolewi kwa mwenye shahada, hata kama shahada hiyo ni ya nje. Mkopo wa serikali ya shirikisho unawezekana kwa kozi za maandalizi, kwa kipindi kimoja cha miezi 12 mfululizo, ukisoma angalau nusu ya mzigo kamili na chuo kikithibitisha kwamba kozi hizo zinatakiwa ili udahiliwe ngazi ya juu. Ukidahiliwa kusoma shahada nyingine ya kwanza, sheria ni tofauti na unaweza kukopa zaidi ya mwaka, ndani ya kikomo chako cha jumla. Wenye grini kadi na waliokubaliwa ukimbizi wanastahili sawa na raia.

Waajiri wengi wa hospitali hulipa sehemu ya masomo ya wafanyakazi wao. Uliza ofisi ya rasilimali watu kama kozi moja moja zinahesabika, au lazima ziwe za shahada.

Gharama za kuomba zinasahaulika. Ada ya MCAT inazidi dola 300. AMCAS ni dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila kinachofuata, kisha kila chuo hutaka ada yake ya fomu ya pili. AAMC ina mpango wa msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo, raia, wenye grini kadi, wakimbizi waliokubaliwa na wenye DACA (ulinzi kwa walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali). Uombe kabla ya kujiandikisha MCAT, kwa sababu haurudishi pesa uliyokwisha kulipa.

Na weka hili kichwani unapokopa sasa: kuanzia Julai 2026 wakopaji wapya hawapati tena mkopo wa Grad PLUS, ule wa shirikisho kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza, na mkopo wa shirikisho kwa masomo ya udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Deni dogo la postibaki ni nafuu utakayoihitaji baadaye.

Niko Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Naweza?

Kozi unaweza kuzisoma, mradi programu itoe I-20 (hati ya chuo inayohitajika kwa viza ya mwanafunzi) na uchukue mzigo kamili, kwa kawaida krediti 12, ambamo kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu. Ugumu uko mbele: vyuo vingi vya udaktari havidahili wenye viza, na vinavyodahili mara nyingi hutaka uonyeshe pesa za mwaka mmoja hadi minne zikiwa benki. Mikopo ya shirikisho haupati. Mwenye viza asitumie akiba ya familia kwa postibaki kabla ya kuorodhesha vyuo vinavyomkubali na kujua pesa ya udaktari itatoka wapi. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu kuna wazazi wameuza viwanja.

Barua za mapendekezo nizipateje kwa maprofesa wasionijua?

Vyuo vingi hutaka mbili za waliokufundisha sayansi na moja ya mwingine. Nenda kwenye masaa ya ofisi kuanzia wiki ya pili, na swali maalumu. Sisi wengi tumelelewa kwamba kumfuata mwalimu ofisini ni usumbufu, au ni dalili kwamba umeshindwa. Marekani mwalimu amekaa pale akisubiri, na asiyekuja ndiye hatamkumbuka. Omba barua mara tu muhula unapoisha ukiwa na A, mwambie utaomba mwaka gani, na mpe maelezo mafupi ya maisha na kazi yako. Msimamizi wako wa wodi naye anaweza kuandika barua nzuri.

MCAT nifanye lini?

Baada ya kumaliza bayokemia na fizikia, si kabla. Alama huanzia 472 hadi 528, sehemu nne, na siku nzima inakwenda kama masaa saba na nusu pamoja na mapumziko. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka, nne ndani ya miaka miwili mfululizo, na saba maisha yote, na vyuo huona alama zote. "Nijaribu nione" ni wazo baya. Jaribu kwa mitihani ya mazoezi ya AAMC mpaka alama zako zitulie pale unapotaka. Wanaofikiri kwa lugha tatu huteseka zaidi na sehemu ya ufahamu wa maandishi, ile ya CARS. Dawa yake ni kusoma Kiingereza kizito kila siku kwa miezi mingi, na inaanza siku unayojiandikisha kemia ya kwanza.

Umri wangu ni miaka 42.

Hakuna kikomo cha umri. Hesabu miaka miwili ya kozi, mmoja wa kuomba, minne ya udaktari, na angalau mitatu ya mafunzo ya ubingwa. Ukiridhika na hesabu hiyo, endelea.

Kiswahili na lugha zangu nyingine vina thamani kwenye fomu?

Vina. AMCAS ina sehemu ya lugha na kiwango chako katika kila moja. Kama umefanya ukalimani hospitalini, iwe Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Lingala, iandike kama kazi ya kliniki na ueleze. Miji iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo ina wagonjwa wanaosubiri mkalimani wa simu ili waeleze maumivu ya tumbo. Pia kuna sehemu ya kueleza mazingira magumu uliyopitia. Isiogope, na usiongeze chumvi.

MD au DO?

Wote ni madaktari kamili Marekani. Wastani wa wanaoingia DO uko chini kidogo, karibu 3.6 na MCAT 504, na vyuo hivyo vimezoea waombaji wazima. Mwenye GPA iliyopanda kutoka chini aombe kotekote.

Nikishamaliza kozi, naomba lini?

Fomu ya AMCAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na huanza kupokelewa mwishoni mwa mwezi huo au mwanzoni mwa Juni, kwa masomo yatakayoanza kiangazi cha mwaka unaofuata. Tuma mapema: uhakiki wa transkripti unaweza kuchukua wiki sita msimu ukipamba moto, na vyuo vingi hujaza nafasi za usaili kadiri fomu zinavyofika. Lazima utaje kila chuo ulichowahi kujiandikisha, hata kama ulisoma kozi moja ukaiacha. Kuficha hugundulika, na adhabu yake ni kubwa kuliko alama yoyote mbaya.

Nimekataliwa kote. Nichukue kozi zaidi?

Kwanza andikia vyuo vilivyokukataa uombe maoni. Baadhi hutoa, kwa simu au kwa barua pepe, hasa miezi ya Mei na Juni. Wakitaja sayansi, na safu yako ya PBU iko chini ya 3.6 hivi, kozi chache za juu zinaweza kusaidia. Kuna pia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja inayokuweka darasa moja au mtihani mmoja na wanafunzi wa udaktari; ya Georgetown ndiyo inayojulikana zaidi. GPA yake huhesabiwa peke yake, nje ya ile ya shahada ya kwanza, ni ghali, na ukipata B nyingi humo umefunga mlango kwa mkono wako mwenyewe, kwa hiyo iwe ya mwisho kwenye orodha. Wakitaja MCAT, rudi MCAT. Na kama ulituma fomu Oktoba, kwa vyuo vitano tu, vyote vya jina kubwa na vyote nje ya jimbo lako, kozi hazikuhusika: panga upya orodha, weka vyuo vya umma vya jimbo lako juu, na uwe tayari siku fomu inapoanza kupokelewa.